Dawa ya magugu ya kwenye ukoka inatuulia miche

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kadogo nitoe dukuduku, nimekaa nalo toka mwezi wa kumi.

Mimi nipo Uyole hapa Mbeya, mbele ya nyumba nina ukoka na humo humo nilipanda miche minne ya parachichi aina ya Hass, ile ya kubebesha, yaani kikonyo cha Hass kimeungwa juu ya shina la parachichi la kienyeji. Ukoka ukavamiwa na magugu, nikaenda duka la pembejeo wakanipa 2,4-D, wakasema hii inaua majani mapana tu, nyasi haigusi. Kijana akaja na solo, lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa, akapiga saa saba mchana, jua kali na upepo wa huku kwetu mnaujua wenyewe. Kweli ukoka ukabaki kijani, ila wiki haijaisha majani ya parachichi yakaanza kujikunja kama kikombe, vikonyo vikapinda, ncha zikakauka.

Sasa jamani, parachichi nalo si jani pana? Dukani hawakuniambia, na mimi na akili zangu sikujiuliza. Alafu nikajimaliza zaidi, nikafyeka ule ukoka nikarundika majani yake kwenye mashina eti natunza unyevu, kumbe nawaongezea sumu.

Bwana shamba mmoja ndo akanifungua macho. Kwamba dawa hizi nyingine kwenye joto zinageuka mvuke, inaenda hadi kwa jirani. Kwamba zipo zilizochanganywa na dikamba, nayo ni dawa ya magugu, hiyo inashuka na maji ardhini na mizizi inaivuta, na mizizi ya mti imeenda mbali kuliko kivuli chake. Na wale wa glaifoseti, dawa inayoua nyasi na majani mapana yote, wanaopuliza shinani kabisa wakiamini mti sio jani, gome la mche mdogo bado ni kijani na bichi, linanyonya dawa vizuri tu.

Kwahiyo sasa hivi mita moja kuzunguka shina napalilia kwa mkono, naweka majani makavu ambayo hayajapigwa dawa, unene wa vidole vinne hivi, ila yasiguse shina maana litaoza. Ikilazimu kupuliza basi asubuhi upepo umetulia, bomba chini karibu na ardhi, na mche unaufunika ndoo kwanza. Na solo ya magugu iwe ya magugu tu, usije ukapigia mbolea ya majani kesho yake, mabaki yanabakigi hata ukisuuza.

Ombi langu ni kwa wenye maduka, mtu akija kununua dawa ya ukoka muulizeni tu kama kuna miti hapo, ni swali la sekunde mbili. Na shule zetu zinazopanda miti kila mvua zikianza, mwambieni anayesafisha uwanja asipite na solo.

Yangu mitatu imekufa. Mmoja umechipua, ila umechipulia chini ya pale ulipobebeshwa, maana yake hilo sasa ni parachichi la kienyeji. Mke wangu anasema tuliache, mimi bado naliangalia tu.

Msomaji wenu, Uyole, Mbeya