Barua ya wazi kwa binamu yangu wa gemu za mpira

Binamu,

Mzima wewe? Meseji zako nimeziona zote, pamoja na ile voisi uliyolalamika mpaka sauti ikakukauka kwamba siku hizi ukinialika kwenye mechi sijibu. Nimeamua nikujibu hapa hadharani maana nikikuandikia inboksi utasema "sawa mzee" halafu kesho yake unanitumia mwaliko mwingine, na pia wapo wengi wenye ugonjwa kama wako, acha nao wasome humuhumu.

Sijaacha gemu, binamu. Nimechoka tu na kitu kimoja, yani unakusanya kikosi mwaka mzima, mastaa wako wote wamekamilika, toleo jipya linatoka na kikosi kimeishia pale, unaanza upya na wachezaji ambao hata pasi ya mita tano inawashinda. Sasa mimi siku hizi natafuta gemu ambazo kinachokua ni mimi mwenyewe ninayeshika pedi, sio namba za mtu aliyeko kwenye skrini. Ndo hivyo tu, hakuna ugomvi.

Nianze na Outer Wilds, ya mwaka 2019, maana hii ndo imeniharibu kabisa. Wewe ni mwanaanga mgeni kazini, umekabidhiwa chombo kilichoungwaungwa kwa mbao na vyuma, na sayari zenyewe ni ndogo na ziko karibu, unatoka moja unafika nyingine ndani ya dakika chache. Unazurura zako vizuri tu, halafu zikifika dakika 22 jua linalipuka. Umekufa, kila kitu kimekufa. Unafumbua macho uko palepale pembeni ya moto unaangalia nyota, na mikononi huna kitu. Hakuna silaha uliyookota, hakuna levo uliyopanda, hakuna duka la kununua nguvu. Unachobaki nacho ni ulichokijua, basi, na kompyuta ya chombo inayokutunzia kumbukumbu ya ulichokiona.

Sasa ngoja uelewe utamu wake uko wapi. Kuna sayari mbili pacha zinazungukana na mchanga unahama kutoka moja kwenda nyingine. Ukiwahi, mapango ya ile moja yako wazi na majengo ya mwenzake yamefukiwa, ukichelewa mambo yamegeuka, mapango yamejaa na majengo yametokeza. Kwahiyo unaweza kukaa unapambana na sehemu ukaamini kuna ufunguo hujaupata, kumbe ufunguo hakuna, ulikuja tu muda sio wake. Kuna sehemu nyingine ina ukungu na mimiba na masamaki makubwa ya kutisha ambayo sitaki hata kuyaelezea usiku huu, dawa yake ipo na ni rahisi mpaka unajicheka, ila sikuambii. Wapo watu wanaimaliza gemu nzima ndani ya mzunguko mmoja, dakika hizohizo 22, kwasababu wanajua pa kwenda na cha kufanya. Ilianza kama kazi ya chuo ya Alex Beachum kule Marekani, na kwa kweli inaonekana imetengenezwa na mtu aliyekuwa anauliza swali, sio mtu aliyekuwa anatafuta namna ya kukuuzia skini, yani mavazi ya kumpamba mchezaji wako.

Ubaya wake sasa. Ukishaijua umeijua, huwezi kuicheza tena kwa mara ya kwanza. Mimi siku hizi naangalia video za watu wanaoicheza bila kujua kitu, nakaa nawapigia kelele kwenye skrini. Kwahiyo tafadhali usiende kutafuta majibu mtandaoni, nakuomba kama ndugu yako.

Baada ya hapo nikawa natafuta kitu cha kunipa raha ileile, nikaangukia Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, jamaa alitengeneza karibu yote peke yake, ilitoka 2018. Ukiiona picha zake utanicheka, ni rangi mbili tu, giza na mwanga na vidoti, kama kompyuta za Macintosh za zamani. Vumilia. Mwaka ni 1807, meli iliyopotea imerudi yenyewe bandarini na ndani hakuna mtu aliye hai, wewe ni mkaguzi wa bima umetumwa ukajue nini kimetokea. Unayo saa ya mfukoni, ukiifungua mbele ya maiti unasikia sekunde zake za mwisho halafu unaingia ndani ya tukio lenyewe limeganda, risasi iko hewani, mtu mdomo wazi, na wewe unatembea katikati yao unachungulia. Watu ni 60. Kwa kila mmoja unatakiwa useme ni nani, amepatwa na nini, na kama kauawa, kauawa na nani.

Na majina ni nadra kutajwa, binamu! Unakaa unasikiliza lafudhi. Unaangalia nani kavaa nini, nani huwa anakaa karibu na nani, nani kalala kwenye machela yenye namba gani, halafu unafungua orodha ya mabaharia unalinganisha. Kuna watu niliwajua kwa viatu. VIATU. Na gemu ina akili, haikuthibitishii mmoja mmoja, mpaka uwe umepatia watatu kwa pamoja, kwahiyo kubahatisha kunakuwa kazi ngumu kuliko kufikiri. Mimi ile mistari mitatu ikijithibitisha na ule muziki wake ukalia nasimama kabisa kwenye kiti, na sijawahi kusimama hivyo kwa goli la dakika ya 90, pole lakini ndo ukweli.

Sasa najua utakachosema, kwamba nimekuwa mtu wa kufikirifikiri sana na nimesahau gemu ni starehe. Basi nikwambie kuhusu Balatro, na hii usiianze kama kesho una kazi. Ilitoka Februari 2024, aliyeitengeneza ni mtu mmoja wa Kanada anajiita LocalThunk, jina lake halisi hakutaka litangazwe. Ni karata za poka ila huwekei dau pesa yako wala hakuna mpinzani, unashindana na namba. Raundi ya kwanza inataka pointi 300, unacheka. Ukifika ante ya nane, yani hatua ya nane, bosi wa mwisho (ile raundi ngumu ya kufunga hatua) kwa kawaida anataka 100,000, na ukiwa na bahati mbaya unakutana na yule wa zambarau anataka 300,000. Kinachokuvusha ni majokeri, karata maalumu za msaada, yapo 150, kila moja linavunja sheria kivyake, na hesabu inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwahiyo jokeri la kujumlisha kizidisho (ile namba inayozidishwa na pointi za karata zako) likae kushoto na lile la kuzidisha likae kulia, ukiyapanga kinyume karata zilezile zinakupa pointi chache. Unaona? Hata hapa ni ujuzi, hukununua nguvu kwa pesa ya mfukoni mwako. (Kichekesho ni kwamba PEGI, wale wanaopanga umri wa gemu kule Ulaya, waliipa 18 wakihofia kamari, mwaka 2025 baada ya rufaa wakaishusha mpaka 12.) Ila hii haiishi, hilo nakubali, ukishindwa inakuuliza tena fasta kabla hujapata muda wa kuona aibu.

Mwisho ni Silksong, mwendelezo wa gemu ya Hollow Knight. Ilitangazwa Februari 2019, ikatoka tarehe 4 Septemba 2025, kati hapo watu walishaifanya utani wa mtandao, halafu siku ilipotoka maduka ya mtandaoni yakazidiwa. Timu yenyewe ni ndogo, Team Cherry wa Australia. Ni nzuri kupita kiasi, muziki, michoro, namna Hornet, yule unayemchezesha, anavyokimbia, kila kitu, lakini ni gemu yenye roho mbaya. Unaanza na uhai wa vinyago vitano na mapema tu unakutana na maadui wanaong'oa viwili kwa pigo moja. Pigo la kushuka la Hornet linaenda mshazari, sio wima kama gemu ya kwanza, kwahiyo vidole vyote vilivyozoea vinabidi vifundishwe upya. Kuna benchi, yani benchi ndo sehemu ya kupumzika na kusevu, la mahali fulani ukikaa linakupiga. Kuna bosi, yani adui mkubwa, ukishamuua analipuka, anaweza kuondoka na wewe. Watengenezaji wenyewe kwenye apdeti ya kwanza walipunguza makali ya mabosi wawili wa mwanzo. Mimi ugumu wa bosi sina shida nao, kila ukifa kuna kitu umekiona, shida yangu ni kukimbia njia ndefu ileile kurudi kwake, hapo sijifunzi chochote, napotezewa muda tu.

Kwa hiyo mechi nitacheza, jumamosi jioni, ila kwa sharti. Wewe kwanza ushushe Obra Dinn, sio nzito, hata kompyuta yako ile inayopiga kelele itaiweza. Vaa hedifoni, weka daftari pembeni, ukithibitishiwa watatu wa kwanza nitumie majina yao na uniambie ulijuaje. Na usinidanganye, nitakuuliza kuhusu viatu.