Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu wa C na shoka

Ndugu wanachama, wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Habari za pesa mweka hazina ameshazituma kwenye grupu, anayedaiwa ada anajijua, sirudii. Mimi naongelea lile jambo mlilolipigia kura wenyewe, la kujua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, hiki cha hapa Berkeley, waliishije mwanzoni mwa miaka ya 1900, mana ile C ya njano kilimani tunaiona kila siku na watoto wakiuliza tunabaki kusema aah ni herufi ya chuo tu.

Siku ya kupanda Charter Hill, kilima chenye hiyo C, waliojiandikisha walikuwa wengi, tukafika tisa. Nilihema huyo! Ile C ni zege kabisa, ukiikalia unasikia baridi inapenya kwenye suruali. Sasa zamani kila ikikaribia Machi 23, siku ya kuzaliwa chuo (kilianzishwa 1868), mwaka wa kwanza na mwaka wa pili walikuwa wanakutana hapo wanapigana, na sio utani, watu wanaumia, ndo mwaka 1905 madarasa mawili, la watakaomaliza 1907 na la 1908, wakakubaliana waache ngumi wajenge kitu kimoja. Siku yenyewe mvua inamwagika. Vijana wakajipanga mstari toka chini mpaka juu, mifuko ya saruji na mchanga ikawa inapita mkono kwa mkono, yani yule uliyekuwa unamwinda umkunje shati ndo anakupokea mfuko. Sisi viti vya sherehe tu, kutoka kwenye gari hadi ukumbini, tulibeba watu wanne wengine mmeinamia simu. Nasema tu.

Mama mmoja akauliza, wasichana walikuwa wapi? Kilimani walikuwa wanaume, ila wasichana walikuwa na chama chao, Prytanean, kilichochangisha pesa za hospitali ya wanafunzi. Kwa maoni yangu hao ndo walifanya la maana zaidi, ila zege ndo linaonekana kwa mbali.

Kilichowachekesha wengi ni shoka. Stanford, chuo kingine cha California, ni watani wa jadi wa hapa, Simba na Yanga kabisa. Aprili 15, 1899 kwenye mechi ya besiboli San Francisco, washangiliaji wa Stanford wakaja na shoka wanakatakata riboni za bluu na dhahabu, rangi za Berkeley. Berkeley wakashinda, halafu wakalinyakua shoka lenyewe, mbio mitaani, wakaingia buchani mpini ukakatwa, kichwa cha shoka mmoja akakificha ndani ya koti akapanda feri na polisi wako palepale wanakagua abiria. Stanford walikuja kulichukua 1930, kwa kuliiba vilevile, na tangu 1933 likawa kombe la mechi yao ya futiboli ya Kimarekani. Hiyo futiboli nayo iliwahi kuachwa, kuanzia 1906 mpaka 1914 hapa walicheza raga, kwa sababu wachezaji walikuwa wanaumia vibaya mno.

Mwakani tunapanda tena wiki ya Machi 23, inyeshe isinyeshe. Chai ataleta katibu. Mandazi naomba mwingine ajitolee, mana ya safari hii nililetaga mimi na yakaisha kabla sijafika juu.