Skeli unaijua, mbona solo haina bluzi?

Wengi wanaokuja darasani kwetu kujifunza roki yenye mizizi ya bluzi hawaji mikono mitupu. Pentatoniki ya A maina, yaani skeli ya noti tano, wanayo: A, C, D, E, G, kuanzia freti ya tano. Wanapanda na kushuka bila kukosea, kisha wanauliza mbona hawafanani hata kidogo na mpiga gitaa Eric Clapton wa 1966, enzi za bendi ya John Mayall. Wengine wameshaanza kuulizia bei za pedali za kubadilisha sauti ya gitaa. Pedali isubiri kwanza.

Tatizo kubwa ni kuvuta uzi, yaani kuusukuma pembeni ukiwa umeubana ili sauti ipande. Bana uzi wa tatu, freti ya saba, kwa kidole cha pete. Hiyo ni D, na tunataka uivute hadi E. Cha kati na cha shahada vikae nyuma yake kwenye uzi huohuo, vyote visukume pamoja. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono kinapozunguka, wala si kidole kimoja kuhangaika peke yake. Kabla hujavuta, piga uzi wa pili, freti ya tano. E ndiyo hiyo, iingie masikioni. Sasa vuta mpaka sauti mbili zilingane. Wengi huishia njiani, na msikilizaji hudhani gitaa halijatyuniwa.

C ya uzi huohuo, freti ya tano, ni habari nyingine: isukume kidogo tu, isifike C shapu, noti inayofuata juu yake. Utamu uko hapo katikati.

Vidole vikiuma, angalia unene wa nyuzi. Seti ambayo uzi wake mwembamba zaidi ni inchi 0.009 au 0.010 inamtosha anayeanza. Ndiyo, mpiga gitaa wa bluzi Stevie Ray Vaughan alifunga nyuzi za 0.013, lakini alishusha tyuni ya gitaa nusu toni, nyuzi zikalegea kidogo.

Halafu kuna kunyamaza. B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, alikuwa akiimba mstari, anaacha, ndipo gitaa linamjibu. Waliozoea sebene hapa hupata tabu kweli, maana kule gitaa halipumziki. Kwa hiyo kipindi cha kwanza tunakuwekea mzunguko wa baa 12 (vipimo 12 vya mdundo) wa kodi za A, D na E, unaimba kipande kifupi kwa mdomo (sauti mbaya ruksa), kisha unakitafuta kwenye nyuzi. Njoo na gitaa, hata la kuazima. Ampli ipo.