Nyuzi za utumbo: tatizo liko machinjioni

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie nyuzi za ala za muziki zinazotengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Kila mustakabali wake unapojadiliwa, lawama hutupiwa naylon na chuma. Kwa maoni yetu tatizo kubwa liko mbali na jukwaa. Liko machinjioni, katika saa chache za kwanza baada ya mnyama kuchinjwa, na katika vitabu vya sheria vinavyoamua utumbo ule uende wapi.

Luti (ndugu wa udi), viola da gamba (ala ya upinde yenye vikomo shingoni), kinubi na fidla za Ulaya zilitegemea utumbo kwa karne nyingi. Hata uzi wa kwanza wa fidla, ule mwembamba kuliko wote, ulikuwa wa utumbo mpaka chuma kilipoenea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwenye luti na viola da gamba, hata vile vikomo vya shingoni vinavyoonyesha kidole kikae wapi ni utumbo uliozungushwa na kufungwa fundo. Leo wako wapigaji wengi Ulaya na Marekani wanaopiga kazi za watunzi wa kale kama Monteverdi, Purcell na Bach kwa ala za zama zile, na wote wanahudumiwa na karakana chache tu. Paka, tuseme mapema, hahusiki hata kidogo, ingawa jina la Kiingereza la uzi huu, catgut, limemtia ndani.

Uzi mzuri huanza na utumbo mwembamba wa mwana-kondoo, utolewe ungali na joto la mwili. Humwagwa uchafu, huondolewa mafuta, huoshwa kwa maji baridi. Ukicheleweshwa, hasa siku ya jua kali, bakteria huanza kuula, na hakuna dawa ya kurudisha nguvu iliyokwisha kupotea. Utumbo una matabaka, na linalotakiwa ni la katikati, lenye kolajeni, protini inayoupa uzi nguvu. Ute wa ndani na ngozi ya nje hukwanguliwa kwa kisu butu au kipande cha mwanzi, utumbo ukiwa umelazwa ubaoni. Kazi hiyo hurudiwa kwa siku kadhaa, na kila baada ya kukwangua utumbo hulowekwa katika maji ya majivu, yaani potashi, yanayoongezwa ukali kidogo kidogo. Yakiwa hafifu, mafuta hubaki na uzi hutoka mzito usiolia vizuri. Yakiwa makali mno, kolajeni yenyewe hulainika na uzi hukatika kabla ya kufika kwenye sauti yake.

Baada ya hapo fundi huchagua matumbo yanayolingana unene, huyafunga yakiwa mabichi kwenye ndoana ya gurudumu na kuyasokota. Uzi huwambwa kwenye fremu na kuachwa ukauke ukiwa umevutwa, na kabla haujakauka husokotwa tena, kwa sababu ukipoteza maji hupungua unene na msokoto hulegea. Zamani fremu ziliingizwa katika chumba cha moshi wa salfa ili nyuzi ziwe nyeupe na zisioze. Siku hizi hutumika pia haidrojeni peroksaidi. Uzi mwembamba husokotwa kidogo ili ubaki na nguvu. Uzi mnene husokotwa sana, wakati mwingine kama kamba ya jahazi, ili uweze kupinda kirahisi na kutoa sauti safi. Mnene usiosokotwa vya kutosha ni kijiti tu. Mwisho husuguliwa mpaka uwe mviringo. Mashine ya kusaga huweza kuusawazisha hadi sehemu moja ya mia ya milimita, lakini ikizidisha hukata nyuzinyuzi za juu, na uzi huota vinywele mapema.

Mfaransa Jérôme Lalande, aliyesafiri Italia mwaka 1765 na 1766, alirekodi hesabu ya mafundi wa huko: matumbo 2 kwa uzi mwembamba wa mandolini, 3 kwa uzi wa kwanza wa fidla, 7 kwa ule wa mwisho, na hadi 120 kwa nyuzi nene kabisa za besi. Hayo ni matumbo mazima, hayakupasuliwa. Karakana nyingi za leo huupasua utumbo kwa urefu kuwa mikanda, kisha huisokota pamoja, maana mkanda ni rahisi kuulinganisha na mwingine. Sisi bado tunauona utumbo mzima kuwa bora kwa nyuzi nyembamba, lakini ili upate utumbo mzima wenye unene ule ni lazima umpate mwana-kondoo mdogo, na upate wengi wanaofanana. Hapo ndipo machinjio yanapoingia.

Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986. Mwaka 1996 serikali ya huko ilitangaza kuwa huenda una uhusiano na ugonjwa wa ubongo uliokuwa ukiua vijana. Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni namba 999 ya mwaka 2001 kuhusu magonjwa ya aina hiyo. Utumbo wote wa ng'ombe, wa umri wowote, ukahesabiwa kuwa kiungo hatari cha kuteketezwa. Baadaye, kwa kondoo na mbuzi, bandama na kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, kiitwacho ileamu, vikaingia katika orodha hiyohiyo. Hatuilaumu nia ya sheria ile. Watu walikuwa wanakufa. Tunachosema ni kwamba haikumfikiria fundi wa nyuzi hata kidogo. Nyuzi za upasuaji za utumbo nazo ziliachwa Ulaya kwa hofu hiyohiyo, na hiyo ilikuwa kazi dada, yenye maarifa na malighafi zilezile.

Mwaka 2015 masharti ya ng'ombe yalipunguzwa, yakabaki mita 4 za mwisho za utumbo mwembamba, kipofu cha utumbo (kifuko cha mwanzo wa utumbo mpana) na utando unaoushikilia utumbo. Mwaka 2018 bandama na ileamu za kondoo na mbuzi zikatolewa kwenye orodha. Kwa karatasi, mlango umefunguka. Lakini machinjio iliyokwisha kuondoa meza ya kusafishia utumbo haina sababu ya kuirudisha kwa ajili ya mteja anayetaka matumbo mia chache. Kanuni namba 1069 ya mwaka 2009 nayo inataka mabaki ya wanyama yasiyoliwa yashughulikiwe na waliosajiliwa na yasafirishwe kwa hati maalumu. Kwa kiwanda kikubwa hizo ni karatasi za kawaida. Kwa karakana ya watu wawili ni siku nzima za kazi.

Linabaki soko la soseji, ambalo ndilo mlaji mkuu wa utumbo wa kondoo duniani. Huko utumbo hupitishwa kati ya rola zinazouponda na kukamua ute, hutiwa chumvi na kuuzwa kwa mafungu ya mita 91 hivi, ukiwa umepangwa kwa upana. Kwa soseji, kitundu kidogo hukatwa na kazi huendelea. Kwa uzi, palipopondwa na rola hapaonekani mpaka siku uzi unapovutwa, na hapo ndipo unapokatika. Chumvi inaondoka kwa kuloweka. Jeraha la rola haliondoki. Ndiyo maana tunaamini kitakachookoa kazi hii ni mapatano ya moja kwa moja kati ya karakana na machinjio ndogo, kondoo wakiwa wamekaguliwa, na utumbo uchukuliwe siku ileile kabla haujapita kwenye mashine yoyote.

Watu huuliza kwa nini plastiki isitoshe. Naylon ina uzito wa gramu 1.06 hivi kwa sentimita ya ujazo, utumbo 1.3, na kaboni ile ya nyuzi za kuvulia samaki 1.78. Kwa hiyo mahali pa utumbo wa milimita 0.42 utahitaji naylon ya 0.47 au kaboni ya 0.36. Naylon, kwa kuwa nene na laini, hufifisha sauti. Kaboni, kwa kuwa nyembamba, hulia kwa ukali wa chuma. Karakana ya Aquila ya Vicenza, Italia, imetengeneza Nylgut, plastiki yenye uzito uleule wa utumbo, na kwa luti inayodonolewa kwa vidole tunaikubali bila kinyongo. Kwenye viola da gamba inayopigwa kwa upinde mambo hubadilika. Utumbo hushikana na ulimbo wa upinde, na mwanzo wa kila noti husikika wazi; plastiki huteleza.

Utumbo una udhaifu wake, na anayeuuza bila kuusema humpoteza mteja. Chukua luti yenye uzi wa sentimita 60, wa kwanza ukipandishwa hadi noti ya sol, ya mitetemo 392 kwa sekunde. Kwa utumbo wa milimita 0.42 mvuto ni takriban kilo 4. Utumbo mzuri hukatika karibu na kilo 33 kwa milimita ya mraba, ambayo kwa uzi huo ni kilo 4 na nusu. Akiba iliyobaki ni nusu toni tu. Wengi hukimbilia uzi mnene zaidi wakidhani utasalimika. Hausalimiki: unene huongeza nguvu, lakini huongeza pia mvuto unaohitajika, kwa kiwango kilekile, na uzi hukatika kwenye sauti ileile. Dawa ni kushusha ala nzima. Ukiweka noti ya la, inayopatanishiwa ala, kwenye mitetemo 415 badala ya 440, mvuto hushuka hadi kilo 3.6, na uzi uliokuwa ukikatika kila wiki hudumu.

Uzi ukikatika mahali palepale kila mara, usilaumu uzi. Tazama mfereji unaoupitisha kwenye kizingiti cha shingo; ukiwa na ukingo mkali, ulainishe kwa msasa mwembamba, kisha upake risasi ya penseli. Kinywele kikijitokeza, kikate kwa kikata kucha karibu na uzi. Ukikivuta, utachuna uzi wote. Kabla ya kuufunga uzi mpya, ushike ncha mbili, uvute na kuudonoa. Ukionyesha mistari miwili safi inayoachana katikati, ni mzima. Ukionyesha mistari mitatu au ukungu, unene wake haulingani na hautakubali kupatana na nyuzi nyingine, hata uuchezee vipi kigingi. Jaribio hilo limo katika vitabu vya luti vya zaidi ya miaka 400 iliyopita na halijapata mshindani. Unyevu ndio adui wa kila siku: uzi hunywa maji hewani, huvimba, na sauti huhama, kwa hiyo funga ala ndani ya kasha mara tu unapoacha kupiga.

Wasomaji wa pwani wasidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Katika karne ya 9 mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad aliandika kuwa nyuzi nene za udi, bam na mathlath, ni za utumbo, na nyembamba, mathna na ziri, ni za hariri. Naylon ilitangazwa mwaka 1938. Siti binti Saad na wenzake walirekodi sahani zao Bombay mwaka 1928, kwa hiyo chochote kilichokuwa juu ya udi unaosikika mle hakikuwa naylon. Anayetaka kuurudisha mlio ule leo kwa seti ya kisasa atazunguka bure.

Kwa hiyo tunawaomba mafundi na wenye nyumba za zamani, Unguja, Lamu, Mombasa hadi Maskati: ukikuta udi, kanuni, fidla au gambusi lenye nyuzi za kale, usizitupe unapoweka mpya. Pima kila kipande kwa maikromita sehemu tatu, andika kilikuwa nafasi ya ngapi, kisha kikunje ndani ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu na utumbo huoza. Kama huna hakika ni utumbo, kata milimita 5 kutoka ncha iliyozungushwa kwenye kigingi na uiguse kwa moto. Naylon huyeyuka na kuwa tone gumu. Utumbo hujikunja, huwa mkaa, na hunuka nywele zilizoungua.

Mafundi wa ala za nyuzi,
Unguja