Bangili ya korongo

Bahi, 18 Januari

Ndugu yangu Lameck,

Mbukwenyi! Habari za huko kwenye baridi, za kazi, za shemeji na mapacha? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua bado, lakini juzi alikwenda sokoni mwenyewe akarudi na mlenda na habari za mtaa mzima. Mvua tumepata, si haba. Mtama wa Chiku umesimama vizuri, wangu umepigwa na jua la wiki ya Krismasi, ikabidi nirudishie mbegu.

Najua una hasira na mimi. Barua yako ya mwezi wa nane nimekaa nayo miezi mitano. Zile habari za Baba Yona sikujua nizijibu vipi, nikasema nitajibu kesho, na kesho zikawa nyingi. Hayo tutayaongea. Leo nina shida, na ni wewe tu wa kunisaidia.

Darasa la tano nina mtoto anaitwa Ndahani, mjukuu wa yule mzee aliyekuwa akitukimbiza na fimbo tukipanda mbuyu wake. Mwezi wa kumi na mbili, siku mbili baada ya mvua kubwa ya kwanza, alikuwa anachunga mbuzi upande wa mbugani akakuta korongo ameanguka korongoni. Ndege, ndani ya korongo la maji. Juu pale zinapita nyaya za umeme, na nadhani ndizo zilizomuua, maana mtoto anasema ncha ya bawa moja ilikuwa imeungua. Ndege mweupe, mabawa yake meusi upande wa nyuma, miguu mirefu. Na mguuni, juu ya kile kinachoonekana kama goti, bangili nyeusi ya plastiki yenye herufi nyeupe.

Ndahani alimfukia kwa mikono ili mbwa wasimpate. Bangili aliivua taratibu asiivunje. Walipoiona wakubwa maneno yakaanza: hiyo ni mali ya Serikali, itupe, hiyo ina kamera, utakuja kukamatwa. Fundi mmoja pale karibu na stesheni alitaka kumpa shilingi elfu mbili. Mtoto ambaye viatu vyake vimefungwa kwa waya, Lameck, akazikataa elfu mbili. Akaitia uzi, akaivaa chini ya shati likizo nzima.

Siku shule ilipofunguliwa alisubiri wenzake watoke. Akaitoa kama mtu anayetoa yai kwenye kiota. Nimeishika. Nyepesi, kimo chake kama kipande cha juu cha kidole gumba changu, ndani inateleza, na sasa inanuka mbuzi na jasho la mtoto. Herufi zinaanza na DEH.

Nikampigia kijana wa Selina, yule anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Akaniambia hiyo ni ya Ujerumani, na ile H ya mwisho ni Hiddensee, kituo kinachoshughulikia pete wanazovishwa ndege wa upande wa mashariki ili ijulikane wanakokwenda, Berlin ikiwemo. Berlin! Usiku uleule nikaitafuta barua yako, nikaisoma upya kwa taa ya simu.

Uliandika kwamba ukitoka zamu ya usiku unapita Tiergarten, ile bustani kubwa ya hapo Berlin, unakaa kwenye benchi kabla ya kwenda kulala. Ukasema wale ndege weusi wenye mabawa kama mundu waliondoka mwanzoni mwa mwezi wa nane, siku chache tu wote wakawa wameisha, na yule aliyekuwa akiimba usiku kucha mwezi wa tano naye kimya, na bustani yote ile, hekta zaidi ya 200, ikawa kama nyumba iliyohamwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni upweke unakusumbua. Mwezi wa nane huku kwetu ni upepo na vumbi, nani ana habari na ndege? Sasa ndiyo naelewa ulikuwa unaniambia nini. Walikuwa wanafunga mizigo waje huku. Jioni hizi mbayuwayu wamejaa juu ya uwanja wa mpira wa shule, wanapita chini mpaka kipa anainamisha kichwa.

Na yule korongo, tazama njia aliyopita. Kutoka kwako mpaka Dodoma kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 7,000, lakini korongo hanyooshi. Anapaa kwa hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo hakuna. Kwa hiyo wale wa upande wenu wanaizunguka bahari: Istanbul, Syria, Israeli, Sinai, halafu wanaufuata mto Nile mpaka Sudan, ndipo wanashuka kwetu kutafuta panzi na viwavijeshi. Wengine wanapitiliza mpaka Afrika Kusini.

Nilimuuliza Ndahani mdomo wake ulikuwaje. Akasema haukuwa mwekundu sawasawa, ncha ilikuwa nyeusi. Basi alikuwa mtoto. Wakubwa midomo yao huwa myekundu yote. Ameanguliwa mwaka huohuo, akavishwa bangili akiwa bado kiotani, na mwezi wa nane, wewe umekaa kwenye benchi lako, akaondoka. Makinda yao huwatangulia wazazi. Wanajiunga na korongo wengine njiani, baba na mama wanakuja nyuma.

Hili nililieleza darasani. Wakauliza mambo mengi, kama wanalala wapi, kama wanakula samaki. Ndahani akanyoosha mkono mwisho kabisa, akauliza: "Mwalimu, mama yake anajua?"

Nilibaki na chaki mkononi. Miaka kumi na sita nafundisha.

Kijana wa Selina alinipa na kisa kingine ambacho hakijanitoka. Mwaka 1822, huko Ujerumani karibu na mji wa Klütz, alipatikana korongo mwenye mkuki mwembamba umemchoma shingo na kubaki humo, karibu sentimita 80, na mti wake ni wa Afrika. Wakati ule wapo wasomi Ulaya waliokuwa wakisema mbayuwayu hulala chini ya matope ya ziwa mpaka baridi iishe. Yule korongo ndiye aliyewaonyesha wanakokwenda. Amekaushwa, yupo mpaka leo Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake shingoni. Mtu wa huku alimchoma, akaruka nao mpaka kwao, na kwao wakampiga risasi. Sijui kwa nini linaniuma hivi, jambo la miaka mia mbili. Labda kwa sababu ya huyu wa kwetu.

Basi, ombi langu. Karatasi ya pili nimenakili herufi na namba zote. Najua kwenye intaneti kuna fomu ya kujaza, na kijana amekwisha kuijaza. Lakini mimi nataka zaidi ya jibu la fomu. Ukiletewa jina la kijiji alikovishwa bangili, uende. Nasikia Linum si mbali na Berlin na korongo wanazaa juu ya mapaa ya nyumba. Pengine ni huko, pengine ni kwingine. Piga picha ya kiota. Hata kikiwa kitupu na theluji juu yake, kipige. Na mwenye nyumba akiwepo, mwambie mtoto wake wa juu ya paa hakutupwa, alifukiwa vizuri na mtoto wa Kigogo.

Nauli nitakurudishia zabibu zikivunwa, nazungumza kweli.

Halafu niambie: hiyo bustani yenu, ni kweli baada ya vita watu waliikata kuni mpaka kati ya miti 200,000 ikabaki kama 700? Niliwasomea watoto hapo kwenye barua yako wakabisha. Sasa mimea imerudi kiasi gani? Bado unalipenda lile benchi? Ndege wa kwanza wanarudi mwezi gani, nianze kuwaaga huku lini? Goti la mama, yale mafuta uliyosema, yanapatikana? Baba Yona uliongea naye mwenyewe au uliambiwa? Mapacha wanasikia Kiswahili, au ndiyo basi? Na wewe, miaka tisa sasa, unakuja lini?

Bangili yenyewe situmi. Niliiomba, akaishika kwa mikono miwili. Amekubali ninakili tu, tena yeye ndiye aliyekuwa ananisomea, herufi moja moja, akihakikisha nimeandika.

Ni mimi ndugu yako,
Mathayo