Mwanangu, niulizie habari ya marudio

Mwanangu,

Ukiisoma barua hii utakuwa umeshapita Mariakani, maana najua hufungui begi mpaka njaa ikushike. Nimeitia chini ya mkate wa mamako. Usinipigie kutoka ndani ya treni, mtandao utakatakata na tutazozana bure. Isome yote, kisha unijibu jambo moja tu: hiyo tamthilia unayokwenda kuigiza Nairobi, vipindi vyake vikirudiwa, mtalipwa?

Nilikuuliza juzi tukila, ukacheka ukasema, "Baba nawe, kila kitu pesa." Ukamgeukia shangazi yako, ukamwambia televisheni ya zamani ndiyo iliyokuwa televisheni, za leo ni kelele tu, na wewe na wenzako mnakwenda kuirudisha ile ya zamani. Shangazi yako akapiga makofi. Mimi nikainuka kwenda kutazama tangi la maji, na tangi halikuwa na kitu.

Sikuinuka kwa hasira. Maneno yale uliyoyasema umeyatoa kwangu. Ni mimi niliyekaa dukani miaka yote nikiwaambia wateja kwamba vipindi vya kweli viliisha. Umeyanyonya humo huku ukifanya homework juu ya kaunta, na sasa unayabeba kwenda nayo Nairobi kama mali ya urithi. Kabla hujafika nayo huko ni haki yako ujue yaliyobaki, yale ambayo sikuwa nikiwaambia wateja.

Wewe umeijua televisheni kwa uso. Mimi nimeijua kwa mgongo. Nilianza ufundi mwaka wa 1986, kituo kikiwa kimoja, Sauti ya Kenya, miaka mitatu kabla hakijaitwa KBC. Matangazo yalifunguliwa jioni na usiku yakafungwa kwa wimbo wa taifa. Taarifa ya habari ilianza na Rais alikokwenda siku hiyo, na aliyoyasema huko, na waliokwenda kumpokea. Ndiyo hiyo zamani yenyewe, pamoja na saa zake nyingi ambazo hakuna anayezikumbuka. Watu wamechagua Vitimbi na Vioja Mahakamani, drama za kuchekesha za kituo hicho, wakaziweka moyoni, yale mengine wakayatupa, halafu wanachukua hizo mbili kuzipima na kila uchafu unaoonyeshwa leo saa ishirini na nne. Kipimo hicho si cha haki. Kituo cha pili, KTN, kilipokuja mwaka wa 1990 nilipata kazi ya kupanda mapaa kugeuza antena majuma mazima, kwa sababu watu walikuwa wamechoka. Hao hao leo ndio wanaokuja hapa wakisema zamani kulikuwa kuzuri.

Lakini uzuri ulikuwako, sitaukana. Ukitazama Vioja Mahakamani utaona chumba ni kimoja, kizimba, meza ya hakimu, benchi. Hakuna gari linalolipuka, hakuna muziki wa kukwambia sasa lia. Mshtakiwa anasema jambo la kipumbavu, na kamera inabaki pale pale kumngoja mwendesha mashtaka alisikie, alimeze, ndipo ajibu. Watu walikuwa wakisikilizana. Hilo ndilo nililokuwa nikiliona nikiwa nimeinama nyuma ya seti na bisibisi, bila picha, sauti peke yake: nilijua nani amekasirika kwa jinsi alivyonyamaza. Siku hizi nikiweka sikio nyuma ya televisheni nasikia kila mtu anangoja zamu yake ya kupiga kelele. Ukitaka kurudisha kitu, rudisha hicho. Katika ile video uliyomtumia mamako, pale unapoambiwa nyumba imeuzwa, ulikaa kimya kama sekunde nne kabla hujasema neno. Nimeitazama mara nyingi. Mamako hajui ni mara ngapi.

Sasa nisikilize. Marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa Vitimbi mwenyewe, alikuwa Mkikuyu, na alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo hivi kwamba wateja wangu wengi hawakuniamini nilipowaambia. Uso ule uliingia katika nyumba za nchi hii kwa miongo mitatu hivi. Alipopata shida ya macho, Wakenya walichangishana apate matibabu. Akafariki Julai 2015. Mchango ule ulikuwa wa mapenzi, nami sisemi vibaya juu ya aliyetoa. Nauliza tu: mtu aliyewachekesha watu miaka yote hiyo, ambaye vipindi vyake vilirudiwa na kurudiwa na leo viko kwenye YouTube vikitazamwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa, ilikuwaje akafika mahali pa kuchangiwa? Na si yeye peke yake. Wewe unawajua kwa majina kuliko mimi.

Ndiyo maana nauliza marudio.

Kuna jambo la duka ambalo unalijua nusu. Lile benchi refu, na watoto wa mtaa waliokuja kutazama, na shilingi moja moja kwenye mkebe wa maziwa, hayo uliyakuta na sina haja ya kukueleza. Usilolijua ni deki ya video. Nilikuwa nikirekodi. Jioni ya Vitimbi nilikuwa na kanda tayari, na kesho yake kanda hiyo inakodishwa, shilingi ishirini kwa usiku. Kulikuwa na mwenye duka Likoni akichukua tano kwa mpigo. Tamthilia ya Tausi ilipoanza ndipo nikapata hasa, kwa sababu akina mama wa hapa walikipenda kile Kiswahili, walisema kinatoka kinywani mwa watu na hakitoki kitabuni, na mwenye harusi au msiba siku ya kipindi alitaka kukiona kesho yake. Karo yako ya darasa la kwanza na la pili ilitoka kwenye kanda zile. Viatu vyeusi vya ngozi pia.

Miaka ile sikuwahi kukaa chini nikajiuliza wale watu ndani ya kanda wanapata nini. Niliwaona kama mvua, mtu anakinga tu. Mtu mmoja, mwigizaji mdogo mdogo ambaye ungemtambua ukimwona, alikuja dukani na redio yake imekufa, akaona kanda zimepangwa na bei imeandikwa kwa chaki. Akasoma. Hakusema kitu. Nikamtengenezea redio, nikamtoza bei kamili.

Basi.

Kwa hiyo usiniambie habari ya zamani na sasa kabla hujanieleza karatasi yako ya mkataba inasemaje. Uliniambia mtatia sahihi Jumatatu asubuhi, wote pamoja, ofisini kwa prodyusa, na kutakuwa na chai. Hiyo chai ndiyo inayonitia wasiwasi. Watu wakiwa na furaha hawasomi. Omba uende na karatasi nyumbani usiku mmoja. Wakikataa, jua kwa nini wamekataa. Tafuta mahali palipoandikwa haki zote, kwa vyombo vyote, kwa muda wote, ulimwenguni kote, au maneno ya namna hiyo. Ukiyaona, uliza: kipindi kikiuzwa kwa kituo kingine mimi napata nini? Kikipelekwa mtandaoni? Kikitiwa sauti za lugha nyingine kama hizi tamthilia za Kituruki anazozitazama mamako kwa Kiswahili kwenye Azam? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji kwamba ana haki katika uigizaji wake, nimeelezwa na yule wakili anayeleta redio yake ya gari. Lakini akaniambia pia kwamba haki hiyo waweza kuitoa yote kwa sahihi moja ukiwa umeshika kikombe cha chai.

Najua utasema nimekuwa mkali kwa jambo ambalo ni la furaha. Sikufurahi ulipoacha kazi ya bandarini, hilo sitalificha, na kwamba nililisikia kwa muuza mahamri kabla ya kulisikia kwako bado halijanitoka. Miaka miwili ulisomea mambo ya kutoa mizigo bandarini, na ada unaijua. Pia nakumbuka ulipokuwa kidato cha pili mkaenda kwenye mashindano ya drama nikakukataza safari, nikasema mtoto wa kike halali njiani kwa ajili ya kuigiza. Mwalimu wako alikuja mpaka dukani. Nilimwambia nina kazi. Shule yenu ikaenda bila wewe, na sehemu yako akapewa mwingine. Hiyo ilikuwa hoja ya usalama, na usalama ni jambo la maana.

Tamthilia za leo usizidharau, hasa mbele ya wenzako wapya. Maria ilipoanza kwenye kituo cha Citizen mwaka wa 2019 nilisema ni kelele. Lakini nyanya yako, ambaye hakuwahi kukaa mbele ya televisheni dakika kumi, alianza kula mapema ili awahi. Na Sultana ilipokuja, alisikia Pwani ikisema, na watu waliovaa kama jirani zake, akamwambia mamako, "Hawa ni wetu." Zamani Mpwani kwenye televisheni alikuwa mganga au mvivu wa chini ya mwembe. Haya niliyaona na nikacheka na wengine. Hapo leo pamepita zamani, na sioni haya kukuandikia. Picha ni safi, sauti inasikika, mtu mwenye ngozi nyeusi anapigwa taa ipasavyo, na wasichana kama wewe wanapata sehemu yenye maneno mengi, zaidi ya kuleta chai na kuondoka. Tofauti ni kwamba zinatengenezwa mbio mbio, kila siku ya juma kipindi, na kitu kikitengenezwa mbio kinatafuta kofi na kilio. Wakikwambia piga kelele, uliza kama unaweza kujaribu mara moja bila kelele. Mara moja tu. Wakikataa piga, kazi ni kazi.

Utakumbuka Februari 2015 vituo vikubwa vilipozimika karibu wiki tatu kwa ule ugomvi wa kuhamia dijitali. Watu waliniletea televisheni nzima kabisa, hazina ugonjwa, wakaniambia fundi, imekufa. Mzee mmoja wa Chaani alileta Great Wall yake ya inchi 14 amefunga shuka kama mgonjwa. Nikamweleza kwamba kilichokosekana ni mawimbi, na baada ya hapo atahitaji king'amuzi. Akaniuliza, "Na wale watu wanaoigiza, wako wapi sasa?" Nikamjibu wako makwao. Siku ile nililipita swali lake. Sasa linanirudia kila nikikufikiria, kwa sababu wewe sasa ni mmoja wa wale watu, na mimi ndiye nitakayeulizwa yuko wapi.

Mambo ya nyumbani. Dawa za presha za mamako nimenunua za mwezi mzima, asikudanganye kwamba zimekwisha ili umtumie pesa, pesa anazitaka za chama. Mdogo wako amepata nafasi ya pili kwenye hesabu lakini Kiswahili ameanguka, mwandikie umkaripie, wewe anakusikia. Mabati ya upande wa jikoni yanavuja, nitayaziba kabla ya masika nikipata mtu wa kunishikia ngazi. Mwenye nyumba ya duka anataka kuongeza kodi kuanzia Januari, na siku hizi televisheni bapa zikiharibika watu hununua nyingine, kwa hiyo nafikiria kuanza kutengeneza simu. Kijana wa jirani amesema atanifundisha. Usimwambie mamako bado.

Kwa shangazi yako wa Nairobi usikae zaidi ya mwezi, hata akikuambia ukae. Mpe kitu cha jikoni kila wiki. Usimkopeshe mtu yeyote pesa katika seti, na hasa yule atakayekuambia yeye na wewe ni watu wa Pwani. Ukipewa nguo ambayo moyo wako umeikataa, sema mapema, kabla kamera haijawashwa, usingoje.

Zile kanda, zilizobaki ni kumi na moja, nimezitoa kwenye kabati la juu. Nyingi zimeota ukungu. Moja bado inacheza. Nilifikiri kuzipeleka mtu azihamishe kwenye kompyuta nikutumie ujifunzie, kisha nikaona sijui kama ni zangu kutuma. Nimezirudisha kabatini. Ukikutana na yeyote katika wale wazee, walio hai bado, mpe salamu, na umuulize kama angependa kuchukua. Nauli ya kuzipeleka nitatoa mimi.

Ukifika, piga picha kila ukurasa wa karatasi ile, nyuma na mbele, unitumie kwa WhatsApp kabla ya Jumatatu. Wakili nimeshamwambia, atapita dukani Jumapili baada ya adhuhuri, redio yake haijakwisha.

Babako