Urudie wimbo, lakini mtaje mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika humu wiki iliyopita kwamba mwimbaji anayetoa albamu nzima ya nyimbo za watu ameishiwa na ubunifu. Mfano wake ulikuwa Seal wa Uingereza na albamu yake ya "Soul" ya mwaka 2008, iliyojaa nyimbo kongwe za mapenzi za Wamarekani weusi. Albamu hiyo ninayo, nimeisikiliza mpaka kasha limepasuka bawaba, na naona hakumtendea haki.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kurikodi kanda Mkunazini, tangu 1983 mpaka kanda zilipokufa. Mteja huja na orodha yake kwenye karatasi ya daftari, nami humjazia kanda ya dakika 60, nusu saa kila upande. Mwaka 1989 kila mtu alitaka If You Don't Know Me by Now ya Simply Red, kundi la Uingereza. Wimbo ule ulifika namba moja Marekani. Niliurikodi sijui mara ngapi, na kwenye kila kanda nikaandika Simply Red, nikiamini ni wao wenyewe. Siku moja baharia aliyerudi likizo akaniletea sahani ya santuri ya 1972: Harold Melvin & the Blue Notes, sauti ya Teddy Pendergrass, watunzi Kenny Gamble na Leon Huff wa Philadelphia. Niliona haya. Kanda zote zile zimetoka mkononi mwangu, na wenye wimbo sikuwataja hata mmoja.

Kwa hiyo nilipopata albamu ya Seal na kuukuta wimbo ule ule, niliweka mashine mbili mezani, nikapiga kwanza ule wa Harold Melvin, kisha wa Seal. Maneno ni ya mume anayemwuliza mkewe vipi bado hamwamini baada ya miaka yote waliyokaa pamoja. Mke wangu alikuwa barazani kwenye mbuzi, anakuna nazi. Kiingereza hakijui. Akaacha kukuna, akasikiliza zote mbili, kisha akaniambia: "Huyu wa mwanzo bado anagombana. Huyu wa pili kashachoka, anataka jawabu tu alale." Sijasikia mtu aliyeeleza vizuri zaidi ya hapo. Wimbo mmoja, nyumba mbili. Kama Seal angekuwa ameishiwa, mke wangu asingesikia tofauti.

Na sisi wa Unguja tuwe wa mwisho kusema kwamba kurudia wimbo ni kuishiwa. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alikwenda Bombay, India, 1928 kurikodi sahani zake, akafariki 1950. Nani aliyezifikisha nyimbo zake kwa vijana waliozaliwa baada ya hapo? Bi Kidude, mwimbaji mwenzake wa hapa hapa Unguja, mpaka alipofariki Aprili 2013. Aliziimba kwa sauti yake yeye, nzito, yenye moshi, na hakuficha kwamba ni za Siti. Aliyemsikiliza Bi Kidude aliondoka na majina mawili.

Kinachoniuma mimi ni kingine, na ningependa ndugu yangu yule angeandika juu ya hicho.

Mwaka jana niliitwa kuangalia vipaza sauti kwenye harusi moja hapa mjini. Kikundi cha vijana kikapiga wimbo wa taarabu wa zamani, tena wakaupiga vizuri, fidla ilikuwa safi kabisa. Mshereheshaji akautangaza kuwa ni "kibao kipya cha kijana wetu". Mstari wa mbele alikuwapo bibi mmoja, mjane wa aliyetunga mashairi yale. Namjua, mumewe alikuwa mteja wangu. Bibi akanyanyuka taratibu, noti ya elfu mbili mkononi, akaenda kutuza kama wenzake. Alipomfikia mwimbaji akamwambia kitu. Kipaza sauti kilikuwa upande wa pili, watu hawakusikia. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia: "Ahsante mwanangu. Huu wa baba watoto wangu." Kijana akatabasamu, akapokea noti, akaendelea kuimba. Nadhani hakuelewa aliambiwa nini.

Redioni mambo ni hayo hayo. Utasikia jina la mwimbaji, na la aliyetuma salamu, na la anayepelekewa. Mtunzi wa mashairi hakuna, mtunzi wa sauti hakuna. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ipo tangu 2003, lakini mimi leo sisemi habari ya fedha. Nasema jina. Kulitaja kunachukua muda gani? Ndani ya kasha la Seal kila wimbo umeandikiwa watunzi wake, na wengine walishakufa zamani. Mmoja wao, Sam Cooke, alikufa 1964.

Basi naiomba kila redio ya hapa, na kila anayeshika kipaza sauti harusini: kabla ya wimbo wa zamani, semeni wa nani. Na vijana waendelee kuziimba, wasivunjwe moyo.

Wimbo ule wa harusini ninao. Uko kwenye kanda, upande wa kwanza, wimbo wa tatu, na jina la mtunzi liko kwenye karatasi kwa hati yake mwenyewe, maana siku ile alinipokonya kalamu akaliandika. Kijana yule akisoma barua hii aje Mkunazini, nitamtolea nakala bure, na nitampeleka kwa bibi.

Fundi wa kanda wa zamani,
Mkunazini, Unguja